Redio ikinyamaza ukirudi Wilson: ufanye nini, na kwa mpangilio upi

Swali: Habari mtaalamu. Ninasomea urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na karibuni mkufunzi ataniachia niende eneo la mazoezi peke yangu kwa Cessna 172. Hofu yangu ni moja tu: niwe narudi, halafu redio inyamaze. Wenzangu wananiambia mambo tofauti. Mmoja anasema weka namba 7600 kwenye transponda uje utue. Mwingine anasema upigie mnara simu. Wa tatu anasema ukiona taa ya kijani shuka tu. Nifanye nini hasa, na kwa mpangilio upi? – Mwanafunzi wa urubani, South C

Jibu: Habari zako, ndugu. Wenzako wawili wa kwanza wameshika kipande cha ukweli kila mmoja. Wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi, kwa hiyo nianze naye.

Taa ya kijani kutoka mnarani ina maana mbili kwa ndege iliyo angani. Ikiwaka mfululizo bila kukatika, umeruhusiwa kutua. Ikiwaka na kuzima, unaambiwa urudi ujipange kwa kutua, na ruhusa yenyewe utapewa baadaye. Anayeshuka kwa sababu tu ameona kijani anaweza kukuta ndege nyingine imejipanga kwenye njia ileile ya kurukia na kutulia inasubiri kuruka, au kitu kizito zaidi kinakuja nyuma yake kwa kasi mara mbili ya yake. Shika tofauti hiyo kabla ya jambo lingine lolote katika jibu hili.

Sasa turudi mwanzo. Redio ya Cessna 172 ikifa, injini haijui. Moto wa plagi unatoka kwenye magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, hazihitaji betri wala alternata (jenereta inayochaji betri). Kipimo cha kasi, altimita (kipimo cha kimo) na kipimo cha kupanda na kushuka vinatumia hewa, havitumii umeme. Kompasi haina waya wa kutegemea zaidi ya ule wa taa yake. Ndege inaruka vilevile ilivyokuwa inaruka dakika moja kabla. Kinachoangusha watu katika hali hii ni rubani kuinamisha kichwa kwenye vifundo vya redio kwa dakika tatu nzima huku ndege ikipoteza kimo, ikipinda taratibu, au ikielekea kwenye njia ya ndege nyingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusawazisha ndege, kushika kimo na mwelekeo, na kutazama nje. Ukigusa kifaa kimoja, inua macho utazame nje, ndipo ugusе kingine.

Anga ya Wilson haisamehe rubani asiyetazama nje. Machi 5, 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana angani muda mfupi baada ya Dash 8 kuruka kutoka uwanja huu, na watu wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. Mabaki yake yaliangukia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Siitaji ajali hiyo kama kisa cha redio. Naitaja kwa sababu eneo hilo ndilo utakalopitia, na humo ndege ndogo za mafunzo, ndege za kwenda Mara na za abiria za kwenda pwani zote hukutana. Usipoweza kusikia, macho yako yanabeba kazi ya masikio pia.

Je, redio imekufa kweli?

Mara nyingi haijafa. Fuata mpangilio ambao hautakutoa nje ya ndege kimawazo. Kwanza sauti: kifundo cha sauti mara nyingi hugongwa na goti au ubao wa kuandikia. Zungusha skwelchi (kichujio cha mvumo wa redio), au vuta kifundo kile kinachoifungua. Ukisikia mvumo wa "shhh" masikioni, ujue spika za hedseti na upande wa kupokea viko hai. Pili, masafa: je, uliandika namba sahihi, na je, uliibonyeza ikahamia upande wa kutumika, au bado iko upande wa kusubiri? Rudi kwenye masafa ya mwisho yaliyokuwa yakifanya kazi. Tatu, bodi ya sauti: labda umechagua redio ya kwanza kusikiliza lakini maiki inatuma kupitia ya pili. Jaribu redio ya pili kabisa.

Kisha hedseti. Ina plagi mbili, nene na nyembamba. Nene ni ya kusikia, nyembamba ni ya maiki. Ukisikia mnara lakini wao hawakusikii, shuku ile nyembamba: isukume hadi ikwame, izungushe kidogo. Usiposikia chochote, sukuma nene. Hedseti ya betri inapoisha nguvu, nyingi huendelea kufanya kazi ya kawaida bila kupunguza kelele, lakini si zote. Kama ndege ina spika ya darini na maiki ya mkononi, washa spika ujaribu. Kama kuna hedseti ya abiria kiti cha kulia, hamia hiyo.

Kuna hitilafu moja inayofichika kuliko zote: kitufe cha maiki kilichokwama. Maiki ya mkononi imebanwa kati ya viti, au kitufe cha kwenye usukani kimegoma kurudi. Wewe husikii mtu kwa sababu redio yako inatuma muda wote, na kwa masafa hayo hakuna mwingine anayesikilizana na mnara. Umenyamazisha uwanja mzima bila kujua. Dalili yake ni taa ndogo ya kutuma, au herufi TX kwenye kioo cha redio, inayowaka bila wewe kubonyeza. Dawa ni kuchomoa plagi nyembamba. Ikiendelea kuwaka, zima redio hiyo na utumie nyingine. Kagua hili mapema, si mwisho, kwa sababu madhara yake ni ya kila mtu.

Angalia pia breka za umeme kwenye ubao, vile vitufe vidogo vya mviringo. Kilichochomoza kinaonyesha kwamba umeme ulizidi. Kipe muda kipoe, kirudishe mara moja tu. Kikichomoza tena, kiache. Kukishikilia kwa kidole ni kulazimisha umeme kupita kwenye waya unaoungua nyuma ya ubao usiouona. Na ukisikia harufu ya kuungua, usirudishe chochote. Zima swichi kuu na ufuate hatua za moto wa umeme zilizo kwenye kitabu cha ndege.

Tena, ukimya mwingine unatokana na milima. Mawimbi ya redio ya ndege husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukiwa futi 1,000 juu ya ardhi tambarare, unaweza kufikia kama maili 39 za baharini. Lakini ukishuka Bonde la Ufa kuelekea Magadi, ambako ziwa liko kwenye mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, Ngong Hills zenye mita 2,460 zinasimama kati yako na Wilson. Mnara kutokukusikia huko si hitilafu. Panda, au sogea hadi mlima usiwe katikati, kisha ita tena. Unaweza pia kumwomba rubani mwingine aliye juu zaidi akupitishie ujumbe.

Redio peke yake, au umeme wote?

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, na wanafunzi wengi hulipita. Tazama mita ya ampea na taa ya onyo la volti ndogo. Kama umeme uko sawa na redio tu ndiyo iliyokufa, una transponda (kifaa kinachojibu rada kwa namba yako), una taa, una flapi (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua). Kama alternata imekufa, redio ni ya kwanza tu katika foleni. Betri ikiisha utapoteza transponda, taa zote, flapi na vipimo vya mafuta.

Alternata ikifa huwa inakupa onyo, na hapo ndipo penye nafasi ya kujiokoa. Fuata kitabu cha ndege yako. Kwenye 172S za vioo vya kidijitali (G1000) unazima upande wa ALT, yaani wa alternata, wa swichi kuu, unahakikisha breka yake ya ALT FLD iko ndani, kisha unawasha tena. Kwenye 172N unazima redio kwanza, unakagua breka ya alternata, unazima pande zote mbili za swichi kuu na kuziwasha tena, halafu unawasha redio. Usiogope kuzima zote mbili. Kama nilivyosema, injini haitegemei swichi hiyo.

Taa ya onyo ikibaki, sasa unaishi kwa betri. Watu hupenda kutaja dakika 30, lakini hiyo ni betri nzima, yenye afya, iliyojaa, na mzigo uliopunguzwa. Betri ya ndege ya mafunzo inayowasha injini mara nyingi kwa siku inaweza kuisha mapema zaidi. Zima kila usichohitaji: kipasha joto cha pitot (mrija wa kipimo cha kasi) kama hakuna unyevu wa kugandisha, redio ya pili, taa za ndani. Taa ya kutua yenye balbu ya kizamani ya wati 100 kwenye mfumo wa volti 28 hula karibu ampea 3.6 peke yake. Kutuma kwa redio hula umeme mwingi kuliko kusikiliza.

Kisha ita mnara sasa hivi, wakati bado una sauti. Waambie alternata imekufa, unatarajia kupoteza redio, uko wapi, kimo gani, mafuta ya muda gani, watu wangapi. Waombe wakuambie mapema njia gani itumike, uingie vipi, na kwamba utatazama taa za ishara. Mazungumzo hayo ya nusu dakika yanageuza dharura kuwa mpango ambao kila mtu anaujua. Anayetunza betri kwa kunyamaza hadi ifе amejinyima kitu pekee ambacho betri hiyo ingemnunulia.

Sasa flapi. Kwenye Cessna 172 zinasukumwa na mota ya umeme. Hatari kubwa si kukosa flapi. Hatari ni kuzishusha zote kwa umeme wa mwisho, kisha ulazimike kupaa upya ukiwa huwezi kuzirudisha. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi joto 25, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Cessna 172 yenye flapi zote chini katika hewa hiyo itapanda kwa shida sana, na huenda isipande kabisa. Ushauri wangu ni kwamba umeme ukiwa unakufa, tua bila flapi, au na hatua ya kwanza tu. Mwongozo wa 172S unataja noti (maili za baharini kwa saa) 65 hadi 75 kwa kushuka bila flapi, na 60 hadi 70 zikiwa chini kabisa. Ukishika 65 kwenye kipimo, kasi yako halisi katika hewa ya futi 8,000 ni kama noti 73, kwa hiyo ardhi itaonekana inapita haraka na ndege itaelea zaidi kabla ya kugusa. Usivute usukani kwa sababu ya hisia hiyo, amini kipimo. Anayerusha Piper PA-28 hana tatizo hili kwa sababu flapi zake zinavutwa kwa mkono, lakini king'ora chake cha onyo la kuishiwa kasi kinatumia umeme. Cha 172 kinapigwa na hewa, kitalia hata betri ikiwa imekufa kabisa.

Vipimo vya mafuta vitaanguka hadi sifuri umeme ukikatika. Mafuta hayajaenda popote. Tumia saa yako na kiasi ulichopima kwa kijiti kabla ya kuondoka.

Kama ni redio pekee

Transponda ikiwa hai, weka 7600. Hakikisha mara mbili ulichoandika: 7500 ni namba ya utekaji nyara na 7700 ni ya dharura, na kwenye transponda za vifundo ni rahisi kusimama kwenye tarakimu isiyo yenyewe. Namba 7600 inawaambia waongozaji wa rada kwamba huwasikii au hawakusikii. Haikupi ruhusa ya kutua popote. Hapo ndipo mwenzako wa kwanza alipoishia njiani.

Endelea kutuma, hata usiposikia jibu. Huenda kilichokufa ni upande wa kupokea tu. Anza kwa maneno "transmitting blind", taja jina la kituo, ndege yako, ulipo, kimo, unachokusudia, kisha urudie ujumbe wote mara ya pili. Fanya hivyo kila unapobadilisha hatua: ukiingia eneo la uwanja, ukijiunga na mzunguko (njia ya kuuzunguka uwanja kabla ya kutua), ukigeuka kwenye mguu wa mwisho (mstari ulionyooka wa kushukia). Upande wa pili, sikiliza ukiwa kimya, maana inawezekana unapokea lakini hutumi. Mwongozaji akishuku hivyo atakuambia ubonyeze kitufe cha kujitambulisha kwenye transponda au utikise mabawa. Ukisikia ombi hilo, litii mara moja, na mazungumzo ya upande mmoja yatakuwa yameanza.

Jaribu pia 121.5, masafa ya dharura ambayo ndege nyingi husikiliza.

Simu ina nafasi yake, baada ya hayo yote. Juu ya jiji kwenye kimo cha mzunguko mara nyingi mtandao hushika. Hifadhi namba ya mnara na ya ofisi ya chuo chako kabla hujaondoka ardhini, maana kutafuta namba angani ni kuinamisha kichwa kulekule nilikokukataza. Hedseti yenye Bluetooth ni nafuu kubwa, kwani bila hiyo kelele ya injini itameza maneno. Ukipata mtu, sema sentensi fupi: ndege gani, iko wapi, redio imekufa, unakuja kutua, njia gani itumike. Kama una abiria, mpe yeye simu. Redio ndogo ya mkononi ni bora kuliko simu, kwa sharti kwamba ina chaji na una waya wa kuiunganisha na hedseti. Nguvu yake ni ndogo na bodi ya chuma inazuia mawimbi, kwa hiyo ishike karibu na dirisha na usitarajie kufika mbali.

Uingie Wilson, au uende kwingine?

Kanuni ya kimataifa, kwa anayeruka kwa kutazama ardhi, ni fupi: baki kwenye hali ya hewa inayoonekana, tua kwenye uwanja ufaao ulio karibu, na uwaarifu waongozaji kwa njia ya haraka kuliko zote. Lakini neno "ufaao" linataka fikra. Kama redio imekufa baada ya mnara kukuruhusu kuingia na wewe ukajibu, endelea na kile ulichoruhusiwa. Wanakutarajia hapo, na kubadilisha mpango kimyakimya ndiko kunakowachanganya. Kama bado uko nje na hujapewa ruhusa, fikiri kwanza kuhusu uwanja wenye shughuli chache, kama Orly kule Kajiado, badala ya kuchomoza bila taarifa kati ya ndege za Wilson, Jomo Kenyatta na kambi ya jeshi ya Eastleigh. Kwenye kiwanja kisicho na mnara pita juu kwanza, tazama soksi ya upepo, angalia ng'ombe, swala na watu kwenye njia, kisha ufanye mzunguko wa kawaida. Hata hivyo mafuta yakiwa machache, mawingu yakishuka au giza likikaribia, Wilson unayoijua yaweza kuwa ndiyo inayofaa. Uamuzi ni wa rubani. Kabla ya safari hiyo ya peke yako, kaeni na mkufunzi mfungue kitabu cha taarifa za anga kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, msome utaratibu wa Wilson wenyewe, pamoja na njia na vimo vya kuingilia. Vinabadilika, na maelezo ya mtu mwingine hayawezi kuchukua nafasi ya ukurasa uliopo leo.

Ukiingia, washa taa zote kama umeme upo. Tazama soksi ya upepo na ndege nyingine zinatumia upande gani. Upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki au kaskazini-mashariki, ndiyo maana njia za kutulia namba 07 na 14 hutumika sana, lakini amini soksi kuliko mazoea. Jiunge na mzunguko ule ule wanaoutumia wengine, kwa kimo kilekile, bila njia za mkato. Ndege isiyosikia inayofuata mzunguko wa kawaida, kila mtu anaweza kuipisha. Ikikata kona, hakuna anayejua itatokea wapi.

Taa za mnara

Anza kuutazama mnara ukiwa kwenye mguu wa sambamba, yaani unaporuka pembeni mwa njia ukielekea kinyume na upande utakaotulia. Taa ya ishara ina mwali mwembamba na jua la mchana huififisha, kwa hiyo tazama mnara wenyewe kwa sekunde kadhaa, rudisha macho mbele, kisha tazama tena. Ukiwa kwenye mguu wa mwisho itazame tena, maana ishara yaweza kubadilika.

Kijani cha mfululizo na cha kuwaka na kuzima nimeshavieleza. Nyekundu ya mfululizo inasema pisha ndege nyingine na uendelee kuzunguka. Nyekundu inayowaka na kuzima inasema uwanja si salama, usitue. Nyeupe inayowaka na kuzima inakutaka utue kwenye uwanja huu na uende kwenye maegesho, ingawa ruhusa ya kutua na ya kutembea ardhini bado utapewa kwa taa zake. Fataki nyekundu ikirushwa, usitue kwa sasa, hata kama ulikuwa umeshapewa kijani.

Kuonyesha kwamba umeona, mchana unatikisa mabawa. Usiku unawasha na kuzima taa ya kutua mara mbili, au taa za mabawani kama hiyo haipo. Lakini kanuni yenyewe haitarajii utikise mabawa ukiwa umegeuka kuelekea njia wala kwenye mguu wa mwisho. Uko chini, uko polepole, na mabawa ya kulala huko yanakula kasi usiyokuwa nayo ya ziada. Ukipewa kijani cha mfululizo mguu wa mwisho, jibu lako ni kutua.

Na usipoona taa yoyote? Usitue kwa kudhani. Paa upya mapema, ukiwa bado juu, zunguka tena ukiwa na taa ya kutua inawaka, na uwape nafasi ya kukuona. Mnara huenda ulikuwa ukiondoa ndege nyingine njiani. Kama mafuta, hali ya hewa au machweo, ambayo Nairobi huja karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, hayakuachii mzunguko mwingine, chagua mwanya ulio wazi kabisa, hakikisha njia haina mtu, utue. Huo ni uamuzi wa dharura, na utaueleza baadaye.

Kuhusu mawingu nitasema machache kwa sababu leseni yako haikuruhusu kuyaingia. Asubuhi za Juni hadi Agosti wingu zito hukaa chini juu ya Nairobi. Ukiwa na redio iliyokufa na mbingu iliyofungwa, usijaribu kupenya kwenda Wilson. Geuka ulikotoka au nenda palipo wazi. Zile dakika 7 na dakika 20 za kushika kimo na kasi unazozisikia darasani ni za wanaoruka kwa vyombo.

Ukishatua

Toka kwenye njia ya ndege kwenye njia ya kwanza ya pembeni unayoweza kuifikia bila kufunga breki kwa nguvu, uvuke mstari, usimame, utazame mnara tena. Ardhini maana hubadilika: kijani cha kuwaka na kuzima ni ruhusa ya kutembea, nyekundu ya mfululizo ni simama, nyekundu ya kuwaka na kuzima ni ondoka mara moja kwenye eneo la kutulia, nyeupe ya kuwaka na kuzima ni rudi ulikoanzia. Kijani cha mfululizo ardhini ni ruhusa ya kuruka, kwa hiyo usikichanganye na cha kutembea. Kukubali ishara mchana, chezesha eleroni (vibao vya kulaza mabawa) au usukani wa mkia. Mwombe mkufunzi apange na mnara siku tulivu wakuonyeshe taa hizo ukiwa umesimama ardhini; kuziona mara moja kwa macho kunafaa kuliko kukariri jedwali.

Kisha piga simu mnarani mara unapozima injini, hasa kama umetua kwingine. Usipofika ndani ya dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa, waongozaji huanza hatua ya kwanza ya tahadhari ya utafutaji. Kama ulikwisha kuruhusiwa kutua, ukashindwa kutua ndani ya dakika 5 za muda wako na mawasiliano hayajarudi, wanapanda hatua ya pili. Watu watatolewa kwenda kukutafuta mbugani ilhali wewe umekaa Kajiado unakunywa chai.

Mwisho ni kitabu cha hitilafu cha ndege. "Redio mbovu" haimsaidii fundi. Andika ni redio ya kwanza au ya pili, masafa gani, ulisikia mvumo au kimya kabisa, taa ya kutuma iliwaka au la, mita ya ampea ilisomaje, breka ipi ilichomoza, ilikuwa dakika ngapi baada ya kuruka, na kama hali ilibadilika ulipobadilisha hedseti. Kwa maelezo hayo fundi ataanza moja kwa moja na antena, plagi au alternata, na ndege isiondoke tena hadi atakapotia sahihi.